Kompyuta ya 2003 Chini ya Mlima Kenya: Kuipima, Kuitibu na Kuitunza Dell OptiPlex GX270

Kabla hamjachanga pesa za kompyuta mpya ya ofisi ya chama, ya shule au ya kanisa, itazameni tena ile iliyofunikwa gunia pale stoo. Pangusa vumbi, soma kibandiko. Ukikuta maneno OptiPlex GX270, umeshika mashine iliyotoka kiwandani kuanzia 2003, ikatumika katika ofisi za watu kwa miaka kadhaa, kisha wenzake wengi wa familia ya OptiPlex wakaletwa huku kama mtumba au kama msaada wa shule. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa 2002, lilifanya kazi ya aina hiyo: kukusanya kompyuta zilizotumika, kuzikarabati na kuzipeleka shuleni. Kama yako ni HP Compaq au IBM ya rika hilo, endelea kusoma vilevile, maana mengi yatakufaa.

Huenda ukauliza kwa nini mtu ahangaike nayo. Jibu langu ni tundu la printa. Nyuma ya GX270 kuna tundu pana la pini 25, na programu za zamani za DOS zilizoandika hesabu za kahawa, za akiba na mikopo au za sadaka hutuma maandishi moja kwa moja humo. Printa ya kugonga utepe kama Epson LX-300, ile inayochapa nakala kadhaa kwa mpigo mmoja, huchomekwa hapo hapo. Waya za kugeuza USB kuwa tundu la printa zinauzwa, lakini programu ya DOS mara nyingi haizioni kabisa. Kwa hiyo ofisi yenye kumbukumbu za wanachama za miaka ishirini nyuma ina sababu nzuri ya kuiweka mashine hii hai, angalau mpaka kumbukumbu zote zihamishwe.

Sababu ya pili ni kwamba GX270 ina ugonjwa mmoja unaojulikana dunia nzima na unaotibika, na hali ya hewa ya Nyeri huufanya uonekane asubuhi na kujificha mchana. Mwenye ofisi anahangaika nayo saa mbili asubuhi, fundi anafika saa saba, mashine inawaka bila shida, fundi anapokea nauli yake na kwenda. Kesho yake mambo ni yale yale. Mkielewa kwa nini, mtaokoa pesa nyingi.

Ijue mashine yenyewe

Prosesa ni Pentium 4 ya kasi ya gigahezi 2 hadi 3 na ushei. Ni ya biti 32, jambo utakalolihitaji tukifika kwenye programu. Ubao mama umejengwa juu ya chipu za Intel 865G, ambazo zina picha ndani yake, hivyo monita huchomekwa bila kadi ya ziada. Ramu ni ya aina ya DDR, ile ya meno 184, kasi ya 333 au 400, na ubao unakubali hadi gigabaiti 4. Nyingi zilikuja na megabaiti 256 au 512. Usinunue DDR2 wala DDR3 kwa kuwa muuzaji amekuambia zote ni ramu. Pengo la katikati haliko mahali pamoja na haitaingia.

Kwa diski, una bahati. Ubao una nafasi za IDE, zile za utepe mpana, na pia mbili za SATA ya kizazi cha kwanza. Matundu ya USB ni manane, sita nyuma na mawili mbele, yote ya USB 2.0. Pawa saplai ya umbo la mnara ni ya wati 250. Kiwanda kiliandika kwamba mashine ifanye kazi kwenye joto la digrii 10 hadi 35, unyevu wa asilimia 20 hadi 80 bila umande, na mwinuko usiozidi mita 3,048. Mji wa Nyeri uko kwenye mita 1,750 hivi, kwa hiyo mwinuko hautusumbui. Hiyo digrii 10 ndiyo ya kukumbuka. Mwezi wa Julai, chumba cha mawe kisicho na dari mjini Nyeri au Othaya huweza kukaribia kiwango hicho alfajiri.

Uliza ililala upande gani wa mlima

Mvua ya Mlima Kenya haigawiwi sawa. Chogoria, Embu na Kerugoya hupata mvua nyingi. Nanyuki na Timau ziko upande mkavu. Mashine iliyokaa stoo Chogoria ishuku unyevu kwanza: soketi zilizofifia, skrubu zenye kutu, disketi zenye ukungu. Iliyokaa Nanyuki au Naro Moru ishuku vumbi kwanza, lile laini linaloziba feni na kujipanga katikati ya mapezi ya kipoza joto. Nyeri mjini na Karatina utakuta yote mawili, kwa sababu vumbi la Februari hunywa manyunyu ya Juni na kuwa kama udongo uliogandamana. Vumbi lililoshika maji hupitisha umeme kidogo kidogo mahali usipotakiwa kupita.

Kwa hiyo mashine ikitoka stoo, usiiwashe siku hiyo. Iweke kwenye chumba kikavu chenye hewa, ifunue, iache ilale hapo siku mbili tatu. Kama imesafiri usiku kwenye baridi na kuingizwa chumba chenye moto, umande utakaa juu ya ubao bila wewe kuuona kwa macho.

Anza na stima, siyo na kompyuta

Mafundi wengi huanza kufungua. Mimi nakusihi uanze ukutani.

Tazama nyuma ya pawa saplai. Nyingi za rika hili zina kiswichi chekundu chenye maandishi 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani huja ikiwa kwenye 115. Stima yetu ni volti 240. Ukiichomeka hivyo, saketi ya ndani huurudufisha umeme huo, kapasita kubwa hupokea kuliko zinavyoweza kubeba, na utasikia mlio kama wa risasi ukifuatwa na harufu ya kuungua. Kabla ya kitu kingine chochote, kisukume kiswichi kwenye 230, halafu kibandike utepe ili asije mwanafunzi mdadisi akakirudisha.

Kisha ipime soketi kwa mita. Ukisoma kati ya 225 na 250, endelea. Pawa saplai ya GX270 ikiwa kwenye 230 imekusudiwa kufanya kazi kati ya volti 180 na 265, ambao ni upana mkubwa, lakini mwisho wa laini ya kijijini huweza kushuka chini ya hapo jioni. Pima tena saa kumi na mbili jioni. Pima msimu wa kahawa, Oktoba hadi Desemba, kiwanda kinapomenya. Pima wakati mashine ya posho au fundi wa kuchomelea vyuma yuko kazini kwenye laini hiyo hiyo. Kompyuta inayojizima kila jioni saa zile zile huenda haina ugonjwa wowote. Inahitaji stabilaiza au UPS yenye betri nzima.

Stima ikipotea, chomoa. Ikirudi, hesabu dakika tano kabla ya kuchomeka, maana dakika za kwanza ndizo zinazoua pawa saplai. Kidude cha kulinda friji, chenye kuchelewesha umeme, kinafanya kazi hiyo vizuri kwa bei ndogo. Na wakati wa radi za Aprili na Novemba usitegemee kidude chochote. Chomoa stima, chomoa na waya wa mtandao.

Jambo moja zaidi, la usalama wa mwili. Ukigusa bati la kompyuta kwa mgongo wa kidole ukahisi inakutekenya, waya wa ardhi haufiki. Kuna majengo ya zamani ambayo soketi ina tundu la tatu lakini nyuma yake hakuna waya, na kuna adapta za plagi zinazoacha pini ya ardhi ikining'inia. Mtekenyo huo hausababishwi na kompyuta mbovu. Hutoka kwenye kichujio cha pawa saplai kinachotafuta ardhi na kuikosa. Mwite fundi wa stima aliyesajiliwa aitengeneze ardhi. Chumba cha kompyuta cha shule kisitumike mpaka hilo limekwisha.

Kuifungua na kusoma taa

Chomoa waya wa stima, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa ili chaji iishe, kisha laza mnara ubavuni. Mwili wa GX270 hauhitaji bisibisi: kuna vitufe viwili, juu na chini, vibonyeze pamoja na mashine itafunguka kama kitabu. Shika bati la mwili kabla ya kugusa chochote ndani, hasa Januari na Februari ukiwa Nanyuki umevaa sweta la sufu, kwa kuwa hewa kavu na sufu hujaza mwili chaji inayoweza kuua ramu bila wewe kuhisi.

Juu ya ubao kuna taa ndogo ya kijani. Stima ikichomekwa, hiyo huwaka hata kabla ya kubonyeza kitufe. Isipowaka, pima waya wa zambarau wa pawa saplai: volti 5 lazima ziwepo. Zikikosekana, pawa saplai imekufa. Zikiwepo, bonyeza kitufe na upime waya wa njano, unaotakiwa kuwa kati ya volti 11.4 na 12.6, na mwekundu, kati ya 4.75 na 5.25. Pawa saplai yenyewe usiifungue. Ndani yake kuna umeme unaoweza kuua hata baada ya kuchomolewa. Ukipata nyingine, linganisha rangi za nyaya kwenye plagi kwanza, kwa sababu Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilipanga nyaya kivyake, na pawa saplai ya namna hiyo ikichomekwa kwenye ubao wa kawaida huuchoma.

Nyuma ya mashine kuna taa nne, A, B, C na D. Zote zikiwa kijani, ukaguzi wa kwanza umepita. Zote zikizimika huku feni inazunguka, ubao umeshindwa kabla hata ya bayosi (BIOS), programu ya kuiamsha mashine, kuanza, na hapo shuku yangu kubwa ni kapasita. Kitufe cha mbele kikimetameta rangi ya manjano, shuku pawa saplai au ubao. Ukisikia milio yenye mafungu, ihesabu kwa makini: kuanzia moja-tatu-moja hadi mbili-nne-nne ni habari za ramu.

Kapasita

Hapa ndipo pa kutulia. Kapasita ni vile vikopo vidogo vilivyosimama kuizunguka prosesa, vyenye mkato juu yake. Kazi yake ni kutuliza umeme unaoingia kwenye prosesa, ambayo hubadili mahitaji yake mara nyingi mno kwa sekunde. GX270 nyingi zilijengwa na kapasita za Nichicon za toleo lililotoka kiwandani na kasoro. Nyaraka za kesi moja ya Marekani, zilizofichuliwa 2010, zilionyesha kwamba Dell iliuza angalau kompyuta milioni 11.8 zilizokuwa hatarini kati ya Mei 2003 na Julai 2005. Mwaka 2005 kampuni yenyewe ilitenga dola zaidi ya milioni 300 za kukarabati na kubadilisha mbao za OptiPlex. Yaani mashine yako ikikusumbua hivyo, haikulogwa wala hukuitumia vibaya.

Kapasita nzima ina kichwa bapa kama sarafu. Mbovu huvimba, au hutoa uji wa kahawia kichwani au chini. Chukua tochi, inama, tazama kwa ubavu na siyo kwa juu, maana uvimbe mdogo hauonekani kwa juu. Hata moja ikivimba, zihesabu zote za aina hiyo kuwa zimekwisha.

Sasa suala la asubuhi. Ndani ya kapasita kuna majimaji yanayopitisha umeme. Kadiri yanavyokauka na kuharibika, ndivyo ukinzani wake unavyopanda, na baridi huupandisha zaidi. Kapasita iliyochoka, chumbani mwenye digrii 11, haiwezi kuituliza prosesa na mashine hukataa kuwaka. Jua likipanda, chumba kikifika digrii 20, ukinzani hushuka kidogo na mashine huamka kana kwamba haikuwa na neno. Nairobi ugonjwa huo huchukua muda mrefu zaidi kujitokeza. Huku kwetu Julai huutangaza mapema, na ukijua kusoma dalili hiyo ni msaada mkubwa.

Jaribio ni hili. Asubuhi ya baridi, mashine ikiwa imekataa, chomoa stima. Chukua kikausha nywele, peperusha joto la wastani kuizunguka prosesa dakika mbili au tatu, ukikiweka mbali kiasi kwamba mkono wako unaweza kuvumilia. Chomeka, washa. Ikiwaka, umepata jibu, na hakuna haja ya kununua ramu, diski wala Windows. Wako watu wanaoiacha mashine ikiwaka usiku kucha ili isilale na baridi. Huko ni kuzimaliza kapasita zilizobaki, na stima unailipia.

Kubadilisha kapasita ni kazi ya fundi wa redio mwenye mkono mtulivu. Mwambie hivi: thamani ya mikrofaradi iwe ile ile iliyoandikwa ubavuni, volti ziwe sawa au zaidi, ziwe za ukinzani mdogo na za digrii 105, kipenyo na kimo viingie mahali pake. Mstari wa upande wa hasi ufuate alama ya kwenye ubao, na apige picha kwa simu kabla ya kung'oa ya kwanza. Kapasita iliyogeuzwa hupasuka. Chuma kidogo cha kulehemu redio hakitoshi kwa ubao huu, kwa kuwa tabaka zake za shaba hunyonya joto. Wati 60 ni afadhali. Kapasita zikikosekana Nyeri, dereva wa matatu au jamaa anayekwenda Nairobi atazipata maduka ya Luthuli Avenue, lakini mpe moja ya zamani kama mfano. Asiridhike na za bei ya chini kabisa zisizo na jina, maana huo utakuwa ugonjwa ule ule mlioununua upya.

Mengine ya haraka

Ramu: itoe, isugue meno yake kwa raba safi ya penseli, pangusa, irudishe mpaka vibano vilie pande zote mbili. Kama ziko mbili, jaribu moja moja. Feni na kipoza joto: toa vumbi kwa brashi laini na bloa, ukiizuia feni kwa kidole isizunguke ovyo, badilisha grisi ya prosesa ikiwa imekauka. Betri ya bayosi: ni CR2032, ile ya mizani na rimoti ya gari. Saa ikirudi nyuma kila stima ikipotea na mashine ikakudai ubonyeze F1, betri imechoka. Kwa hesabu za chama hili si dogo, kwani risiti zitatoka na tarehe za uongo. Badilisha, ingia kwa F2, rekebisha tarehe, na ukiwa humo hakikisha tundu la printa limewashwa.

Diski na disketi

Diski ikitoa mlio wa kugonga-gonga, izime hapo hapo. Usijaribu kuirekebisha kwa programu yoyote. Itoe, itumie waya wa kugeuza IDE kuwa USB, nakili kwanza yale ambayo hayapatikani popote pengine. Nakala mbili, mahali pawili.

Disketi zilizokaa upande wenye mvua zikague moja moja. Sogeza kile kibati, izungushe, tazama uso wake kwenye mwanga. Madoa ya kijivu ni ukungu. Ukiiingiza hivyo, ukungu utahamia kwenye kichwa cha kusomea, na disketi nzima inayofuata itakwaruzwa. Kisafishe kichwa kwa spiriti safi na pamba kila baada ya disketi chache, na kila disketi inayosomeka inakili mara moja bila kuijaribu jaribu, kwa sababu huenda hiyo ndiyo safari yake ya mwisho.

Programu

Windows XP iliacha kupokea marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Kama mashine inaendesha hesabu za zamani tu, iache na XP yake na usiiunganishe na intaneti kamwe. Flashi yoyote inayoingia ipitie kwanza kwenye kompyuta yenye kinga ya virusi. Kwa wanafunzi wa kujifunza kuchapa na jedwali za hesabu, weka Linux nyepesi ya biti 32. AntiX 23 inafaa na hutosheka na ramu ndogo. Anzisha kwa CD au DVD, kulingana na ukubwa wa toleo, ukitumia F12, kwani kwa mashine za rika hili hizo hutegemeka kuliko flashi. Kwa mazoezi ya mtihani wa vitendo wa KCSE, zungumza na mwalimu wa somo kwanza, maana hifadhidata anayofundisha huenda ikadai programu ya Windows.

Ikishindikana

Ubao ukiwa umepasuka nyuzi zake za shaba kwa chuma cha kulehemu chenye moto kupita kiasi, au umeliwa na kutu, usiubembeleze. Toa pawa saplai nzima, ramu, feni, kebo, viweke kwa ajili ya mashine nyingine. Monita ya kioo kinene usiivunje wala usiitupe shimoni: kioo chake kina risasi, na ndani ya mwili wake kuna umeme wa maelfu ya volti unaoweza kubaki baada ya kuzimwa. Kituo cha WEEE Centre cha Nairobi hupokea taka za namna hii, na ni nafuu shule au vyama kadhaa vikikodi pikapu moja pamoja.

Lakini diski isiondoke na mashine. Ina majina ya wanachama, namba za vitambulisho na hesabu zao, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawabebesha ninyi mliozikusanya jukumu la kuzilinda. Mkishahakikisha nakala zinasomeka, itoboeni kwa drili katika sehemu tatu mbele ya katibu na mwanakamati mmoja, kisha mwandike tukio hilo kwenye kumbukumbu za mkutano.